Mahali pa Kuweka Jina la Feza

Riziki alinipigia simu wiki chache baada ya mazishi ya mama yake. Alikuwa ameketi sakafuni kwenye nyumba yao ya Hallonbergen, nje kidogo ya Stockholm, akivunja mkataba mmoja baada ya mwingine wa marehemu, jinsi watoto wa hapa wanavyolazimika kufanya mzazi akiondoka: simu, umeme, bima, na gazeti ambalo mama yake alilipokea miaka yote na kulitandaza chini ya samaki alipowapara magamba. Riziki alizaliwa Stockholm. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini hukijibu kwa Kiswidi, na tangu akiwa mtoto tumezungumza hivyo, kila mtu na lugha yake, bila kugombana. Alisema amemaliza karibu kila kitu, kimebaki kimoja tu. "Den här då, tante? Ska vi säga upp den?" Na hiki je, shangazi, tukikatishe? Alikuwa akisoma barua pepe ya kampuni iliyosajili jina la tovuti ya mama yake, jina linalolipiwa upya kila mwaka vuli inapoingia. Kwenye usajili ule kuna watu wawili: marehemu, ambaye ndiye mwenye jina, na mimi, mtu wa pili wa kuarifiwa. Nilimwomba asiguse kitu, anipe mpaka Jumapili. Nilipokata simu nilijikuta nalia, mimi niliyejikaza makaburini kama askari.

Kazi inayonilisha leo ni hiyo hiyo ya tovuti. Wenye saluni hapa Skärholmen ninakoishi, wapishi wa harusi, kwaya za kanisa, wazee waliostaafu wanaotaka wajukuu wasome habari zao, wote huja na swali moja: nichague kampuni gani? Wanataka niwatajie kampuni, walipie, waende zao. Mimi badala yake huwauliza maswali yangu. Huwauliza nani ataishughulikia tovuti wao wasipokuwepo. Huwauliza kama wamewahi kuipigia simu kampuni hiyo kabla ya kuipa kadi yao ya benki. Huwasihi wasajili jina mahali pamoja na kurasa waziweke mahali pengine, nao hunitazama kama mwanamke anayependa kujitafutia kazi. Wengine hudhani mambo haya nilifundishwa chuoni, kwa kuwa nilikuja Sweden kusoma. Chuoni nilisomea mabomba ya maji. Haya ya majina nilifundishwa kwenye jiko la mama yake Riziki, mwanamke wa Bukavu huko Kongo, mwaka mmoja na miezi nilioishi katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na kama kuna shukrani ambayo sijamaliza kuitoa duniani ni hiyo.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kitanda upande mmoja na kabati la nguo za baridi upande wa pili, hivi kwamba nililala nikinusa makoti ya watu. Dirisha lilitazama uwanja wa watoto na ghorofa nyingine za saruji zilizofanana na yetu. Kwenye mlango wa mbele, juu ya tundu la barua, palikuwa na kibao chenye jina la ukoo la Mama Riziki, na chini yake alinibandikia kikaratasi chenye jina langu, Kagendo, kwa sababu mtu wa posta wa hapa hatumbukizi barua asipoona jina mlangoni. Siku za mwanzo mwanzo kikaratasi kilidondoka bila mimi kujua, na barua niliyokuwa nikiisubiri kutoka Meru ikarudishwa ilikotoka. Baridi yote ilipita ndipo ikatumwa tena, ikanifikia. Mama Riziki aliposikia alikibandika upya kwa utepe wa kufungia maboksi, tabaka juu ya tabaka, na kila aliporudi kazini akawa anakigusa kwa kidole kabla ya kufungua mlango.

Mchana kutwa alipikia watoto wa shule, na akirudi nyumbani alipika tena kana kwamba hajaona sufuria tangu asubuhi. Kwake nilijifunza kula sombe, yaani kisamvu, yenye mafuta ya mawese, dagaa wakavu aliowaita ndakala, na bugali ambao nilisisitiza kuuita ugali mpaka nikachoka. Jiko lilikuwa dogo, meza imesukumwa ukutani, na mvuke ulifunika dirisha hata nje pasionekane, jambo ambalo mwezi wa Novemba si hasara. Jikoni humo mlikuwa na sheria moja. Maharage yakiwa motoni, mwenyewe hatoki. Sombe aliweza kuiacha ikichemka akaenda zake kuoga, wali aliuacha ukashika ukoko, lakini maharage, hapana. Simu ikilia apelekewe, mgeni akifika apokewe huko huko. Alivuta kiti, akakaa mbele ya jiko la umeme mikono mapajani, akayaangalia mpaka yaive. Niliwahi kumtania kwamba maharage hayana miguu, hayataondoka. Hakucheka, na hilo lilinishangaza, maana Mama Riziki alikuwa mtu wa kuicheka hata baridi.

Jumapili ilikuwa siku ya Bakari. Bakari ni mtu wa Tanga. Mwaka ule alikuwa akioka mikate alfajiri na kusomea kompyuta mchana, na aliishi Fisksätra pamoja na Mganda mmoja mpenda usafi. Alikuja kwa ile treni ndogo ya Saltsjöbanan, akabadilisha mpaka njia ya buluu ya treni za chini ya ardhi, akafika na fuko la mikate iliyobaki. Mlangoni aliinamisha kichwa na kusema shikamoo. Mama Riziki, ambaye kwao salamu hiyo haina kazi, alimjibu bonjour, na kila Jumapili Bakari alisimama kidogo kuona kama marahaba itafuata. Haikufuata. Tulikaa hapo, watu wa nchi tatu na Kiswahili cha aina tatu, na Riziki, wakati huo mtoto mdogo, akitusikiliza kutoka chini ya meza na kutusahihisha kwa Kiswidi.

Bakari ndiye aliyenitia wazimu wa kuwa na tovuti yangu mwenyewe. Alinifungulia ukurasa kwenye kampuni moja iliyokuwa ikitoa nafasi bure, na mimi nikaanza kuandika habari za mji huu: watu wanaogombania zamu kwenye chumba cha kufulia bila kuinua sauti, jua linalozama kabla chakula cha mchana hakijatulia tumboni. Juu ya maandishi yangu kampuni iliweka tangazo la dawa ya kupunguza unene, linawaka na kuzima, linawaka na kuzima. Nililivumilia, maana cha bure hakichaguliwi. Mama Riziki alikuja kusimama nyuma yangu akifuta mikono, akatazama jina langu kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mutu wa Kigoma anaweza kuona hii?" Nikamwambia hata wa Kigoma, mradi ana kompyuta na mtandao. Akarudi jikoni. Wiki haikuisha, asubuhi moja nikafungua ukurasa wangu nikakuta tangazo kwamba kampuni imefunga huduma. Hakukuwa na onyo wala nakala. Niliyoyaandika yote yamekwenda, na nilikasirika jinsi mtu anavyokasirika akiibiwa kitu kidogo. Lakini aliyepigwa na habari ile kuliko mimi alikuwa Mama Riziki. Alikaa kwenye kiti chake cha jikoni, jioni hiyo hakuna maharage motoni, akatusimulia habari za Feza.

Feza alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho kwa mama yao. Siku vita vilipoingia mtaani kwao, Mama Riziki alikuwa ametoka kwenda dukani, amemwacha Feza nyumbani peke yake. Risasi zikaanza, umati ukamsomba, na barabara ya kurudi ikawa imefungwa. Baadaye sana akakutana na jirani aliyemwambia nyumba ilikutwa tupu. Tangu hapo alikuwa ameuliza makanisani, ameuliza kambini, ameuliza kila mtu aliyepita kule, na alichopata ni uvumi mmoja tu, kwamba msichana anayefanana naye alionekana upande wa Kigoma. Alisimulia kwa maneno machache, bila machozi, akipangusa meza iliyokwisha kuwa safi. Alitaka tovuti, na alijua anaitaka ya namna gani. "Niko nataka pahali pamoja penye hapatahama," alisema. "Mimi nimehama sana. Akifika, akute mulango." Hapo mchezo wetu wa Jumapili uliisha, tukawa na kazi.

Siku hizi wateja wangu hulinganisha kampuni kwa nyota na ukubwa wa nafasi. Sisi tulikuwa na kipimo kimoja tu: pasihame. Bakari alijitolea kwanza kuihifadhi tovuti kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyokuwa inakaa chini ya kitanda chake Fisksätra ikinguruma mchana na usiku. Tuliijaribu, na ilisimama vizuri mpaka Jumamosi, Mganda alipong'oa waya ukutani ili achomeke mashine ya kufyonza vumbi. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Mama Riziki akasema basi tumwandikie Feza kwamba anakaribishwa siku yoyote isipokuwa ya Baganda kufanya usafi, na Bakari akaona aibu akainamia mkate wake. Ofa ya pili ilitoka kwenye kampuni kubwa yenye matangazo kila kituo cha treni: ukiweka kurasa kwao, jina unapewa bure. Mimi na Bakari tuliipenda mara moja. Mama Riziki akauliza, na tukitaka kuhama kwao? Bakari akasoma yale maandishi madogo ya chini, akasoma tena. Jina lingebaki mikononi mwao mpaka wakubali wao kuliachia. Nilimfafanulia Mama Riziki kwamba ni kama mwenye nyumba anayekupa kibao cha mlangoni, halafu ukihama anabaki nacho. Hakuhitaji maelezo zaidi. Alisema kibao ni chake, nyumba itatafutwa kwingine.

Lilikuwepo jambo jingine lililomtisha, na alikuwa na haki. Majina mengi ya tovuti wakati ule yalionyesha anwani ya mwenyewe kwa yeyote aliyeuliza. Yeye alitaka kuonekana na mtu mmoja, si na dunia nzima, kwa sababu hata wale waliofika mtaani kwao siku ile wanajua kutumia kompyuta. Bakari alisema tusajili kwa jina lake yeye, kama ilivyokuwa desturi yetu wageni hapa: simu, intaneti, hata nyumba, vyote huandikwa kwa jina la yule anayeaminika, kisha kila mtu anatumia. Mama Riziki alimshukuru kwa dhati, akamuuliza itakuwaje akienda Tanga kuoa na mke akikataa baridi. Bakari akacheka, akakubali kwamba mke angekataa.

Basi tukaanza kupiga simu. Hiyo ilikuwa amri ya Bakari, na mpaka leo ndiyo ninayoitumia: kampuni isiyopokea simu kabla hujalipa haitaipokea ukishalipa. Nilipiga mimi, kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, Mama Riziki amekaa karibu sikio limeegemea kipokezi, na kila kampuni alinitaka niiulize swali lake moja: mtu akifa, jina linakwenda wapi? Wa kwanza alicheka. Wa pili alinisomea masharti kama kasuku. Wa tatu alikuwa mwanamke wa kampuni ndogo ya huko kaskazini, na kila nilipomuuliza kama jambo fulani linawezekana alijibu kwa kuvuta pumzi ghafla, fyu, jinsi watu wa kaskazini wanavyosema ndiyo. Mama Riziki alishika mkono wangu akidhani mwenzetu kazimia. Lakini swali la kifo yule mwanamke hakulicheka. Aliuliza kwa upole ni tovuti ya nini, na nilipomwambia alisema jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alisema kwao tulete kurasa tu, watazitunza na kutengeneza nakala kila siku, lakini jina tusiwape wao. Alishauri tulisajili kwa msajili mwingine, liwe jina la Kiswidi, la mtu binafsi, ambapo anwani haionyeshwi, na tuandike mtu wa pili wa kuarifiwa, mdogo kuliko mwenye jina. Angeweza kutuuzia vyote viwili, akatuuzia kimoja. Mama Riziki alichukua simu mkononi mwangu akamwambia asante kwa Kiswidi, Kifaransa na Kiswahili, na kule kaskazini ikasikika fyu. Mtu wa pili nikaandikwa mimi. Nilikuwa mgeni wa chumba cha nyuma, sijatimiza hata mwaka, na mwanamke yule alinipa zamu ya kumlindia mlango baada yake. Hakuna aliyewahi kuniamini namna ile, na nadhani nilianza kuwa mtu mzima siku hiyo.

Tovuti tuliyoitengeneza ilikuwa na jina la Mama Riziki, lile la kwenye karatasi zake. Niliona ndiyo sahihi: tovuti ya mtu hubeba jina la mtu. Nikaandika juu kabisa yeye ni nani, na chini kwamba anamtafuta mdogo wake Feza. Baridi ikapita, theluji ikageuka matope, na kihesabio cha wageni kilichokuwa chini ya ukurasa kilipanda kwa sababu yetu sisi tu, tukifungua kuona kama amekuja mtu. Jumapili moja ya majira ya kuchipua, dirisha la jikoni likiwa wazi kwa mara ya kwanza, Bakari akawa anasimulia kadi za salamu za redioni, jinsi mjomba wake alivyokuwa akituma kila wiki ili tu asikie mtangazaji akiwataja jamaa zake. Mama Riziki akachangamka. Alikuwa mshabiki mkubwa zamani, alisema, na akatuimbia kadi nzima kwa sauti ya mtangazaji: salamu zimfikie fulani, zimfikie na fulani, zimfikie na mama fulani popote alipo, wote hao wanasalimiwa na. Hapo akakatiza. Akaweka mwiko chini. "Kagendo, tumeandika kadi kinyume," alisema. "Hakuna mutu anasikiliza redio ili asikie jina ya ule anatuma. Kila mutu anangojea yake."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa wazi hata nikashangaa tulivyokaa bila kuiona miezi yote hiyo. Feza bila shaka alidhani dada yake kafa. Kwa nini aandike jina la maiti kwenye kompyuta? Kama angekaa siku moja mbele ya mashine hiyo angeandika la kwake, jinsi sote tulivyofanya mara ya kwanza, ili aone kama yupo duniani. Wiki hiyo hiyo tukasajili jina la Feza, lote, la kwanza na la nyumbani yakiwa yameunganishwa, tukaomba lilipiwe kila vuli kama lile la Mama Riziki, na hilo la Mama Riziki tukaliacha life. Mwanamke wa kaskazini alihamisha kurasa siku ile ile bila kutudai maelezo. Nilimwonyesha Mama Riziki ukurasa mpya, jina la mdogo wake juu kwa herufi kubwa, na yeye aliligusa kwa kidole kwenye kioo kama alivyogusa kikaratasi changu cha mlangoni.

Chini ya jina tuliweka kitabu cha wageni, mahali ambapo msomaji angeweza kuandika, na Mama Riziki akataka pawe na swali moja ili ajue nani ni nani: siku ile tuliacha nini jikoni? Jibu hakutuambia hata sisi. Alisema tukilijua litatutoka mdomoni. Kiangazi watu wakaanza kuja, kwa sababu maneno husambaa, na kila aliyekuja alikuwa Feza. Mmoja alijibu waliacha picha ya harusi ya wazazi. Mwingine, Biblia. Mwingine akasema mbuzi, na hapo hata Mama Riziki alicheka, mbuzi jikoni. Ila mmoja aliandika kwa lugha tamu, akimwita dada wa damu, akasema waliacha ndoo ya maji na machozi. Huyo alimwangusha. Alikuwa ameamini kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Alikwenda chumbani akafunga mlango, na kesho yake kazini alikwenda akiwa na macho mekundu.

Vuli iliporudi ikaja ile barua pepe ya kwanza kabisa, ya kukumbusha kwamba muda wa jina unaisha. Niliisoma kwa sauti jikoni. Mama Riziki alikuwa anamenya ndizi, na bila kuinua macho alisema tuliache. Alisema ameshaita vya kutosha, na kila akiita wanaitika wezi. Bakari alinitazama mimi. Nilikuwa na hoja nyingi kichwani, na nyingine nilizipanga kwa ufasaha kabisa, lakini nilichosema ni kimoja. "Mama Riziki, ikumbuke barua yangu ya Meru." Alijua ninachosema: barua iliyofika mpaka mlangoni, ikarudi kwa sababu kikaratasi hakikuwepo. Alimenya ndizi mpaka ya mwisho, akazipanga kwenye sufuria, akanawa mikono. Kisha akasema, "Lipa."

Ilikuwa Jumapili ya majilio, Krismasi ikikaribia, kila dirisha la ghorofa za jirani limewekwa ile mishumaa ya umeme yenye umbo la upinde. Bakari alikuwa sebuleni na mikate yake, Mama Riziki anamsuka Riziki, Riziki analalamika kwa Kiswidi. Nikafungua kitabu cha wageni kwa mazoea tu, nikitarajia mbuzi mwingine. Palikuwa na ujumbe mmoja mpya. Niliusoma kwa sauti, neno kwa neno, na hadi leo naujua kwa moyo. "Ni maharagi. Ulienda kununua chumvi, ukaniambia nisitoke jikoni mpaka iive. Dada, nilitoa maharagi ku moto mbele ya kukimbia. Haikuungua." Chini yake palikuwa na namba ya simu ya jirani, Kigoma. Mama Riziki aliacha nywele za mtoto. "Miaka yote niko nafikiri alibakia pale," alisema, "alibakia anaangalia maharagi, sababu mimi nilimwambia." Bakari aliinamisha kichwa kama anavyofanya mlangoni. Mimi nililia waziwazi, na Riziki akatuuliza sote kwa Kiswidi nani kamuumiza nani.

Feza alikuja Stockholm baadaye, zaidi ya mara moja, na amemzika dada yake kwa mikono yake. Lakini lile jina la Feza, Mama Riziki hakuliacha hata mwaka mmoja. Kila vuli barua ile ikija alilipa mwenyewe, akatualika, akapika. Nilipomuuliza kwa nini aendelee kumwita mtu aliyekwisha kuitika, alisema yeye hapendi mlango usio na jina. Kwa hiyo Jumapili nilipompigia Riziki sikuwa na la kufikiria. Nilimwambia tusikatishe. Nilimwambia mama yake alililipia jina hili mwaka ambao alikuwa amekata tamaa, sasa sisi tutapata wapi ujasiri wa kulifuta? Nilimwambia pia mwenye jina sasa anapaswa kuwa mtu mwingine, na mtu wa pili awe mdogo kuliko mimi. Nikasikia anahamisha boksi sakafuni. Halafu, kwa Kiswahili, ambacho hajawahi kunijibia maishani mwake, akasema, "Sawa, tante. Andika mimi."

Ila Jumapili ile ya majilio haikuishia kwenye machozi. Feza hakupatikana mara moja kwenye simu ya Kigoma, tukaambiwa jirani atarudi jioni, na jioni ilikuwa bado. Mama Riziki akasimama, akaenda jikoni, akamimina maharage aliyokuwa ameyaloweka tangu asubuhi, akawasha jiko. Bakari, mtoto wa watu mwenye adabu, alimvutia kile kiti chake mbele ya sufuria. Mama Riziki alikipita. Alirudi sebuleni, akakaa katikati yetu, mgongo umeelekea jikoni, akamvuta Riziki magotini na kuendelea na nywele pale alipoachia. Tulisikia maji yakichemka, kisha yakipungua. Mimi na Bakari tulitazamana, hakuna aliyenyanyuka. Harufu ilipoanza kutufikia, Mama Riziki alisema tu kwamba mtoto huyu ana kichwa kigumu. Maharage yaliungua upande wa chini, na tuliyala yote.